Mungu Mbele, Hata Kwenye Gorogoro

Anayeijua Kisumu anajua kwamba Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Soko liko wazi wiki nzima, lakini Jumapili ni jambo lingine kabisa. Watu wanatoka Maseno na Luanda, wanatoka Ahero na Awasi. Marobota ya mitumba yanafunguliwa, maseremala wanapanga vitanda na makabati kando ya barabara, na sisi wa nafaka, ambao siku za kawaida tunauza gorogoro moja moja, yaani kopo moja moja la kupimia, siku hiyo mteja anaweza kukuondolea gunia zima. Mimi ni mama nafaka wa Kibuye, na Jumapili sifungui.

Watu wakiona turubai langu limefungwa kamba siku ambayo pesa inatembea, huniambia kesho yake, "Mama, wewe umemweka Mungu mbele kweli kweli." Nawashukuru. Naipenda Jumapili yangu na siwezi kuiuza. Lakini nimekaa sokoni miaka mingi, na naamini kwa moyo wote kwamba kufunga Jumapili ndiyo sehemu nyepesi. Ni siku moja, kila mtu anaiona, na ukishafunga umefunga. Kazi iko Jumatatu asubuhi, mteja wa kwanza anaposimama mbele yako na mfuko wake, nawe ushike kopo. Hapo ndipo panajulikana ni nani wa kwanza.

Naandika haya kwa sababu kina dada wengi kanisani kwetu ni watu wa biashara, na kila tukikutana swali ni lile lile: nitamwekaje Mungu mbele nami nina kodi ya kibanda, karo ya shule na mkopo wa chama? Majibu tunayopewa mara nyingi ni ya saa: amka mapema uombe, usikose ibada, toa fungu la kumi. Ni majibu mazuri na nayafuata. Ila saa moja ya asubuhi ikishapita, bado siku ina saa nyingi ambazo mtu anauza na kununua, na sioni mahali Biblia inaposema hizo ni zetu wenyewe.

Nianze na hiyo Jumapili niimalize. Jirani yangu wa kulia ni Msabato. Kanisa lao lilifika pande hizi mwaka 1906, pale Gendia karibu na Kendu Bay, na familia yake imo humo tangu kwa nyanya yake. Ijumaa jua likianza kuelekea ziwani, yeye anafunika magunia, anafagia, anaenda. Hata mteja awe amesimama na noti mkononi, atamwambia kwa upole aje Jumapili. Kwa hiyo yeye hayupo Jumamosi na mimi sipo Jumapili, na tunaangaliana vibanda kama ndugu. Siku moja akaniambia, "Dada, kwa nini tusisaidiane? Jumapili nikuuzie, nawe Jumamosi uniuzie." Lilikuwa wazo la upendo na nililipokea kwa upendo, lakini tulipolizungumza tukaona haliwezekani, yeye kwa sababu zake na mimi kwa zangu. Amri ya nne katika Kutoka 20 haimpumzishi mwenye nyumba peke yake. Inataja mtumwa, mjakazi, mnyama, hata mgeni aliye ndani ya malango. Mimi nikikaa kanisani huku mikono ya mwingine inaniuzia, sijapumzika, nimekodi mikono tu. Ndiyo sababu pia kijana anayenisaidia kubeba magunia namlipa kwa wiki, Jumapili ikiwa ndani ya malipo. Kupumzika kwangu kusiwe njaa kwake.

Wala sisemi kwamba anayefungua Jumapili si Mkristo. Wako kina mama pale Kibuye wanaoingia ibada ya kwanza asubuhi, wakitoka wanafungua vibanda vyao, na ukiwasikia wakiomba unajua wanamjua wanayemwomba. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mmoja hufanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine huona siku zote kuwa sawasawa, na kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe. Mimi nimethibitika. Inatosha.

Kinachonitia hofu ni Amosi sura ya 8. Pale wako wafanyabiashara wa nafaka, watu wa kazi yangu hasa. Sabato waliishika. Hawakuuza. Lakini walikaa wakiuliza itakwisha lini, wapate kufungua ghala, wapunguze efa, kile kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, lile jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wawauzie maskini takataka za ngano. Vibanda vyao vilikuwa vimefungwa na mioyo yao ilikuwa wazi inauza. Na Mungu akaapa kwamba hatazisahau kazi zao hata mojawapo. Nimeisoma sura hiyo nikiwa nimekaa juu ya gunia, na nakuambia ukiisoma hapo ulipokaa unaona ni habari za soko la jana.

Sasa nije kwenye gorogoro, maana ndiko ninakotaka kukaa.

Kwa msomaji wa mbali: gorogoro ni kopo la mafuta ya kupikia, lile la kilo mbili. Mafuta yakiisha, kopo linakuwa kipimo. Nyanza na Magharibi yote hupimiana kwalo mahindi, maharagwe, mtama, wimbi, ndengu, njugu. Na kwa sababu ni kopo tu, la bati jepesi, linaweza kufanywa chochote. Wako wanaolibonyeza ubavuni, pale ambapo kiganja hufunika, usione. Wako wanaoligonga kitako kutoka chini mpaka kikapanda ndani kama kifundo cha mguu. Wengine huchota kwa haraka vidole vikiwa ndani ya kopo, na vidole vile vinauzwa pamoja na mahindi. Mteja mzoefu analigeuza kopo, anatia mkono ndani, anakagua. Mteja mgeni, au mtoto aliyetumwa, au mama mzee ambaye macho yameanza kuchoka, hakagui.

Fanya hesabu uone uzito wa jambo lenyewe. Gunia la mahindi ni kilo 90. Ukipima kwa kopo zima, ukalirundika kama desturi inavyotaka, gorogoro moja inapita kilo mbili, na gunia linakupa karibu gorogoro 40. Ukipima kwa kopo lililobonyezwa unaweza kufikisha 48. Gorogoro ikiwa shilingi 150, hizo nane ni shilingi 1,200 kwa gunia moja tu. Mwenye kuuza magunia machache kwa wiki amepata kodi ya nyumba mtaani Manyatta bila kutokwa jasho. Nasema hivi ili anayetuhubiria ajue jaribu letu lina bei, na tunaiona kila siku. Halijifichi.

Nami hupima hivi. Natumbukiza kopo ndani ya gunia mpaka lijae. Nalitikisa, na mahindi yanashuka, nafasi inafunguka juu. Naongeza kwa kiganja. Natikisa tena. Halafu narundika, punje zinapanda zinapanda mpaka kilele kinaanza kuporomoka pande zote, na zinazomwagika zinaangukia ungo niliouweka chini. Hapo ndipo namimina kwenye mfuko wa mteja, na naongezea kidogo kwa mkono, ile nyongeza ambayo hata mtoto aliyetumwa huisubiri kabla hajafunga mfuko.

Kila nikifanya hivyo nasikia Luka 6:38: "Wapeni watu vitu, nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika, ndicho watu watakachowapa vifuani mwenu." Mstari huu tumezoea kuusikia kikapu cha sadaka kikiwa njiani. Lakini mtu aliyeuza nafaka akiusoma anajua mara moja kwamba Bwana Yesu alisimama sokoni akatazama. Kujaa, kushindilia, kusukasuka, kumwagika: ni hatua za mkono wa muuza nafaka, tena kwa mpangilio, na kile kifua ni vazi la mnunuzi lililokunjwa mbele kupokea nafaka, kama mama wa kijijini anavyokunja leso. Na maneno yanayoutangulia si ya sadaka. Ni ya huruma, ya kutohukumu, ya kuachilia. Halafu anamaliza: kipimo kile kile mpimacho ndicho mtakachopimiwa. Mimi, ambaye nashika kipimo tangu asubuhi hadi jioni, nitasomaje hapo nikapita?

Kuna kopo lingine ambalo wa mjini hawalioni. Hilo halibonyezwi, linapanuliwa, na haliletwi sokoni, linapelekwa kijijini kununulia. Nilifika kwa mama mmoja huko kwetu Vihiga kununua maharagwe. Yeye alikuwa ameyapima kwa kopo lake la nyumbani akapata ishirini. Dalali aliyemtangulia alikuwa amemwonyesha kwa kopo lake mwenyewe kwamba ni kumi na saba. Makopo matatu yalikuwa yamepotea hapo uani bila punje moja kuanguka. Mama yule alidhani amehesabu vibaya, tena alikuwa anaona haya. Tuliyaweka kwenye mizani ninayobeba, tukasoma kilo pamoja, akalipwa kwa kilo. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo. Kikubwa cha kununulia, kidogo cha kuuzia. Maelfu ya miaka, na hila haijabadilika hata kidogo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa dada anayeniuliza nimwekeje Mungu mbele, hata kabla ya kumwambia aamke saa ngapi, ni huu: nunua mizani, na uhakikishe imekaguliwa na kupigwa muhuri kama Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inavyotaka. Iweke mahali mteja anaweza kuifikia. Wateja wangu wengi bado wanapenda gorogoro kwa sababu wanaona kwa macho, na siwakatazi. Lakini kopo langu liko karibu na mizani, na anayetaka kulijaribu analijaribu bila kuniomba ruhusa.

Nyanya yangu mzaa mama hakuwa na mizani. Aliuza wimbi na njugu soko la Chavakali, na alikuwa wa Kanisa la Marafiki, wale ambao dunia inawaita Quaker. Wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, Wamarekani watatu, Hotchkiss, Chilson na Hole, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Watu wakisikia Marafiki wanakumbuka kunyamaza ibadani. Mimi namkumbuka nyanya akitaja bei. Aliitaja mara moja. Mteja akishindana naye, aliitaja tena kwa sauti ile ile, bila hasira, kisha akaendelea kupepeta wimbi wake. Hakuapa. Marafiki hawaapi hata mahakamani, kwa sababu ya Mathayo 5:37, maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo. Tangu siku za George Fox huko Uingereza, karne ya 17, walifundishwa pia kutaja bei moja dukani, kwa kuwa kutaja bei usiyoitaka ili ushushwe ni kusema uongo kwa starehe.

Soko letu halina starehe hiyo tu, lina viapo. Sikiliza utakavyosikia: "Haki ya Mungu hii nimenunua mia moja arobaini." "Haki ya Mungu sipati hata shilingi." Jina la Mungu linatajwa Kibuye mara nyingi kuliko kanisani, na mara nyingi linatajwa kushikilia bei. Hili linaniuma kuliko makopo yaliyobonyezwa. Kopo linaiba nafaka, lakini kiapo kile kinamchukua Mungu mwenyewe na kumsimamisha ashuhudie uongo wa shilingi kumi. Watoto wetu wanaokuja kutusaidia likizo wanasikia, wanajifunza. Wangu nimewaambia wazi: ukitaka kumshawishi mteja, mwonyeshe mahindi. Nikipunguza bei napunguza kwa sababu naweza, na nisipoweza nasema siwezi, basi.

Ukweli wa mdomo unaenda mpaka jikoni kwa mtu. Mteja akiniuliza, "Haya maharagwe yanaiva haraka?" swali hilo kwake ni swali la makaa. Maharagwe yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita yanaweza kukumaliza mkebe mzima wa makaa na bado yakawa magumu. Kwa hiyo nikiwa na ya zamani nasema ni ya zamani, yaloweke usiku kucha, na bei yake iko chini. Wengine wanayachukua, wengine wanaenda kwa jirani. Wakienda kwa jirani wameenda wakijua.

Kuhusu maombi nitasema kwa ufupi, maana wengine wanayaandika vizuri kuliko mimi. Naamka saa kumi, kabla sijashika simu kuuliza bei ya mahindi kule Kitale nashika Biblia, na tukirudi jioni mume wangu anaomba nasi kabla ya chakula. Mchana maombi yangu ni mafupi na yana majina ya watu: kijana wa mkokoteni aliyeumia mgongo, askari wa ushuru ambaye leo ameamka vibaya, mteja aliyenitukana. Fungu la kumi natoa kwa furaha, nalitoa katika faida kabla sijanunua kitu kingine. Ila naomba wachungaji wetu wasome Malaki 3 pamoja na Mathayo 23. Waliotoa zaka za mnanaa na bizari na jira waliambiwa ole, kwa sababu waliacha adili, na rehema, na imani. Hawakuambiwa waache zaka. Waliambiwa haiwezi kufunika mengine. Shilingi iliyotoka kwenye kopo lililobonyezwa, ukiipeleka madhabahuni, inafika ikiwa na jina la mama aliyepunjwa.

Jambo ambalo naliona zito kuliko yote katika kazi hii ni unyevu.

Mahindi ya Trans Nzoia yanaanza kuvunwa mwezi wa kumi, na mvua mara nyingi bado ipo. Mkulima anataka pesa ya karo ya Januari, dalali anataka kujaza lori, na simu zinaanza kupigwa: "Mama, kuna mahindi mazuri, bei ya kutupa." Bei ya kutupa mara nyingi ina sababu. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na yanayokataliwa pale hayapotei hewani. Yanatafuta soko. Yanatutafuta sisi.

Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, na 125 kati yao walikufa. Sikuwa nimeanza kazi hii, lakini nimesoma habari zake na kuzirudia, kwa sababu uchunguzi ulikuta sumu hiyo hata katika mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni. Mtu fulani aliyapima kwa gorogoro. Mtu fulani alipokea pesa na kusema asante, karibu tena. Sumu hii haina harufu ya kukuonya, na kuchemsha au kusonga ugali hakuiondoi. Ukimlisha ng'ombe mahindi hayo, inaweza kutoka kwenye maziwa. Mteja hana njia ya kuiona. Mimi ninaposhika punje mkononi, ndimi mlango wa mwisho kabla ya sufuria yake.

Kwa hiyo nawafundisha wenzangu wasio na mashine ya kupimia njia ya chumvi, ambayo ni rahisi na ya kweli. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi kama theluthi ya chupa, weka kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi yote ikianguka chini, mahindi yamekauka kiasi cha kuhifadhika. Ikinata kwenye kioo, bado yana maji, yarudishe juani juu ya turubai, na usiyaanike kwenye udongo mtupu. Chupa yangu iko pale pale kibandani, na wenye malori wananijua nayo. Wengine wameacha kunipigia. Kuna wiki nimekaa na magunia machache kuliko majirani, wateja wananipita wakienda kwa aliye na bei nafuu, na karo ilikuwa imekaribia.

Ndiyo maana napenda tuusome Mathayo 6:33 taratibu. "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa." Siku hizi tunahubiriwa kana kwamba "hayo yote" ni gari na ploti. Rudi nyuma mistari michache uone Bwana alikuwa anazungumza nini: mtakula nini, mtakunywa nini, mtavaa nini. Ndege wa angani. Maua ya kondeni. Ameahidi chakula na mavazi kwa watoto wake, na kwangu hajawahi kukosa kutimiza. Kuna miezi tumekula sukuma na ugali mpaka mwisho wa mwezi, na tumekula. Hakuahidi kwamba mwenye kopo zima atauza kuliko mwenye kopo lililobonyezwa. Dada anayeanza biashara akiambiwa uongo huo, siku akiona jirani mdanganyifu anajenga nyumba ya mawe atadhani Mungu amemtoroka. Naomba tusiwape watu ahadi ambazo Bwana hakuzitoa. Tena haki imetajwa hapo bega kwa bega na ufalme; hatuwezi kuutafuta ufalme kwa nyimbo na kuiacha haki kwa afisa wa vipimo wa kaunti.

Mwisho niseme juu ya ghala. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, kabla mahindi ya pande zetu hayajakomaa, bei inapanda na kila mwenye magunia anaombwa na nafsi yake angoje kidogo, itapanda tena. Mithali 11:26 inasema, "Azuiaye nafaka watu watamlaani, Bali baraka itakuwa kichwani mwake auzaye." Kuweka akiba si dhambi. Yusufu aliweka akiba ya miaka saba. Lakini njaa ilipofika alifungua ghala zote, akauza. Angeweza kungoja wiki moja zaidi na Misri yote ingempa chochote alichotaka. Mimi nikiwa na mahindi na mtu amekuja na pesa, nauza kwa bei ya siku hiyo, simwambii yamekwisha huku yamejaa nyuma ya turubai.

Na kuna gunia moja ninalolitenga kila Januari, mahindi yakiwa rahisi. Hilo nalifungua mwezi wa tano, nalipima nusu gorogoro kwa bei ile ile ya Januari, kwa watu ninaowajua: dani, yaani nyanya, anayelea wajukuu peke yake, mama anayefulia watu nguo huko Manyatta, baba aliyepoteza kazi. Siwatangazii wala siwapangii foleni. Ni kopo lile lile, nyongeza ile ile, mfuko ule ule. Bei tu ndiyo naisema kwa sauti ya chini. Najua gunia moja halimalizi njaa ya mtaa. Mume wangu aliwahi kuniuliza kama lina maana yoyote, nikamwambia muulize dani, na hakurudia swali.

Mwaka huu nimeongeza gunia la pili, la maharagwe, kwa sababu dani huyo aliniambia wajukuu wamechoka na ugali mtupu, wanataka nyoyo, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Ni rosekoko ya msimu huu, imekauka vizuri, na inaiva haraka.